Kijiwe cha stata Ngamiani: nilikwenda kununua mpya, nikarudi na ileile

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima kwa makusudi, na sababu yake inakuja.

Naanza na hesabu, maana anayeulizia fundi hutaka bei kwanza, maneno baadaye. Kwa siku mbili nimelipa shilingi 71,000: kupima na kuweka taimingi (wakati wa cheche kuruka) 20,000, kushusha na kupandisha stata, ile mota inayoamsha injini, 15,000, bushi 6,000, rilei na waya zake 12,000, waya wa ethi 10,000, kontakti na kondensa 8,000. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshaambiwa nitafute 280,000 ya stata mpya, tena iagizwe Dar na niisubiri.

Gari lenyewe ni Volkswagen kobe, 1300 ya mwaka 1968, la marehemu baba. Alilinunua kwa meneja wa shamba la mkonge aliyekuwa anahama, na mpaka anafariki hakuacha kutukumbusha kwamba Volkswagen zilishinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, utadhani alikuwa anashika usukani yeye. Mimi nafundisha hesabu sekondari hapa Tanga. Naliendesha kwenda kazini, na Jumamosi mojamoja naenda nalo Muheza kumwona shangazi na kufuata machungwa.

Ugonjwa wake ulikuwa hivi. Asubuhi likiwa baridi linawaka mara moja, huna hata muda wa kusema bismillahi. Lakini ukifika nalo Muheza, ukazima dakika kumi ukichagua machungwa, ukirudi unageuza ufunguo unasikia "tak!" moja halafu kimya. Au linazunguka nusu mzunguko na kugota kama limekutana na ukuta. Ukikubali kukaa saa nzima injini ipoe, linawaka bila kinyongo. Vijana wa bodaboda pale stendi wamenisukuma mpaka tumezoeana. Nikipaki tu, mmoja anauliza, "Mwalimu, leo tunasukuma saa ngapi?"

Fundi wangu wa kwanza simtaji, wala gereji yake siitaji. Alisikiliza kwa sekunde tatu akasema stata imekufa. Akaishusha, akaisafisha, akabadilisha kaboni brashi, akairudisha, nikalipa 40,000. Wiki haikuisha, yaleyale. Niliporudi akasema gari halina nguvu. Akalegeza distributa, kile kifaa kinachogawa cheche kwenye plagi, akawa anaizungusha huku injini inanguruma, kainamisha shingo kama mtu anayetafuta stesheni ya redio, mpaka mlio ukamridhisha. Na kweli siku ile gari lilikuwa jepesi, ukigusa mafuta linaruka. Huko kugota kulianza baada ya siku hiyo. Sikuyaunganisha mambo hayo mawili, na yeye hakuyaunganisha. Mara ya tatu ndipo akaniambia habari ya stata mpya.

Mwalimu mwenzangu wa fizikia ndiye aliyenielekeza kijiweni. Ukiwa Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, usitafute bango kwa sababu hakuna. Tafuta mwarobaini wenye stata ya Land Rover iliyoota kutu, imening'inizwa kwenye tawi kwa waya. Chini yake kuna benchi, meza yenye jiriwa, madebe ya nati, na mzee mwenye kofia ya kiua ambaye ujana wake wote aliumalizia gereji za mashamba ya mkonge.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na gari au umekuja na maneno?"

Nikamwambia gari lile pale, nataka anitafutie stata hata ya mtumba. Hakunyanyuka. "Stata imekukosea nini?" Nikaeleza. Akaniuliza maswali kama daktari wa zamani, wale waliokuwa wanakushika mkono kabla ya kuandika dawa: linagoma likiwa la moto au hata baridi? Ukipiga stata taa za mbele zinafifia au zinabaki vilevile? Pedali ya klachi siku hizi imekuwa nzito? Hili la klachi lilinichekesha kimoyomoyo. Nimeleta tatizo la kuwasha, yeye ananiuliza mguu wa kushoto. Lakini ni kweli, ilikuwa nzito, nami nilidhani ni uzee wa gari au wangu.

Akanituma niende nalo Raskazone na kurudi, mara mbili, nisizime. "Ugonjwa wa joto haupimwi baridi." Hapo tu alikuwa ameshampita yule wa kwanza, ambaye kila mara alilipima gari asubuhi, wakati halina ugonjwa.

Niliporudi aling'oa kiti cha nyuma, maana betri ya kobe imekaa chini ya kiti hicho, upande wa kulia. Akaweka mita: volti 12.6. Betri nzima. Kisha akafanya kitu ambacho sijawahi kuona fundi akikifanya. Waya mmoja wa mita akaugusisha kwenye nguzo hasi ya betri, wa pili akaushusha chini mpaka kwenye bati la giaboksi, akaniambia nipige stata. Mita ikasoma 1.9.

Nikamwambia hiyo ni ndogo. "Hiyo ndiyo kubwa," akasema. "Hapo pakizidi nusu volti pana mwizi."

Alichonieleza, kwa namna ninavyoweza kukirudia, ni kwamba stata ina njia mbili za umeme, ya kwenda na ya kurudi, na wengi wetu tunaangalia ya kwenda tu. Umeme unatoka betri kwa waya mnene hadi stata, lakini lazima urudi betri kupitia giaboksi na bodi. Giaboksi ya kobe imekalia mipira, na mpira haupitishi umeme, kwa hiyo kiwandani waliweka utepe wa waya uliosukwa kuunganisha pua ya giaboksi na bodi. Akanilaza kwenye boksi la karatasi nijionee. Utepe ule ulikuwa umegeuka kijani kwa hewa ya chumvi, na nyuzi zilizobaki nilizihesabu: saba.

"Sasa piga stata tena halafu njoo ushike hapa." Nikashika waya wa klachi unapoingia kwenye giaboksi. Ulikuwa na joto kama mpini wa sufuria.

Umeme ukinyimwa njia yake unatafuta nyingine, na nyingine zilizopo ni waya wa klachi na waya wa mafuta, ambavyo ni vyuma vitupu vinavyotoka injini hadi kwenye pedali. Kila nilipopiga stata nilikuwa naupasha moto waya wa klachi na kuunguza grisi ndani ya ala yake. Ndiyo maana pedali ikawa nzito. Nilitamani kumwomba radhi kwa kile kicheko cha kimoyomoyo.

Akafunga utepe mpya, akapiga msasa mahali unapokaa pande zote mbili mpaka chuma kikang'aa, akapaka grisi juu. Tukapima tena: 0.2.

Ile "tak" haikuisha hapo, ikawa tu ya nadra. Akahamisha mita kwenye kituo namba 50 cha stata, kile kinacholetewa amri kutoka kwenye ufunguo. Nikageuza ufunguo, ikasoma 7.3. Wenye kobe mnaoisoma hii, hapa sikilizeni. Injini iko nyuma, betri iko nyuma, lakini umeme wa kuiamsha stata unasafiri hadi mbele kwenye swichi ya ufunguo, halafu unarudi nyuma tena. Waya ni mwembamba, una zaidi ya miaka hamsini, na kila kiungo kinakula chake. Ikiwa baridi, solenoidi, ile swichi kubwa iliyo juu ya stata, inaridhika na kidogo kinachofika. Ikipata moto inataka zaidi, na zaidi haipo. Mzee alichukua bisibisi ndefu, akahakikisha gia iko huru, akaunganisha kituo namba 30 na namba 50 kwa chuma chake. Cheche moja, na stata ikazungusha injini kwa nguvu ambazo sijazisikia tangu enzi za baba. "Hii ndiyo stata uliyotaka kuitupa." (Hili la bisibisi mwachie fundi. Ukisahau gari kwenye gia linakupanda.)

Dawa yake ni rilei ya kawaida ya miguu minne, swichi inayofungwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa, ile inayouzwa kwa ajili ya honi na taa. Mguu wa 30 unapata umeme mnene pale pale kwenye stata, wa 87 unaingia kituo namba 50, wa 86 unapokea ule waya mchovu wa ufunguo, wa 85 unakwenda ethi. Sasa waya mchovu una kazi ya kuamsha rilei tu, na hiyo anaiweza. Dakika ishirini, imeisha. Kwamba imenigharimu 12,000 nalalamika kidogo. Rilei yenyewe madukani haifiki nusu ya hiyo, na nilipomuuliza akasema iliyobaki ni bei ya kujua miguu. Sikuwa na jibu.

Likabaki la kugota, na hapa ndipo nilipofaidi siku yangu.

Aliniambia nipige stata mwenyewe nisikilize. Injini ya moto ilizunguka, ikasimama ghafla, na nikasikia gari zima likitikisika kwa nyuma. "Hiyo inapiga teke," akasema. Cheche inakuja mapema mno, pistoni bado inapanda, mafuta yanalipuka na kuisukuma irudi chini. Stata inasukuma mbele, injini inasukuma nyuma, na fundi aliyesimama pembeni anasema stata haina nguvu. Akachomoa plagi ya silinda namba 3 kabla ya nyingine zote, kwa sababu kwenye injini hizi za zamani ile oili kula (kipoza oili) imekaa njiani, ndani ya boksi la feni, na silinda hiyo inapata hewa iliyokwisha kupata joto. Kukiwa na kosa, yenyewe ndiyo inalia kwanza. Kauri ya plagi ilikuwa nyeupe kama chaki yangu. Akaniwekea mkononi bila kusema neno.

Hakugusa distributa. Alifungua kifuniko chake akaanza na kontakti, vile vichuma viwili vinavyogusana na kuachana ili cheche iruke, kwa sababu upana wa kontakti ukibadilika, taimingi nayo inahama. Ukianza na taimingi unafanya kazi mara mbili. Kontakti zilikuwa zimetoboka upande mmoja na kuota kichuguu upande wa pili, akasema kondensa imechoka, tukabadilisha vyote viwili. Upana: milimita 0.4, kwa fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi. Akanipa niipitishe mwenyewe. Inatakiwa ipite kwa kusitasita kidogo, kama unavyochomoa karatasi katikati ya kitabu kilichofungwa. Nilijaribu mara tano mpaka akaitikia.

Kisha injini ikazungushwa kwa spana kwenye nati ya dinamo mpaka mkono wa rota ukaelekea kwenye kale kamkwaruzo kalikochorwa kwenye ukingo wa distributa, alama ya silinda namba 1. Chini, alama kwenye puli inatakiwa ilingane na mshono wa katikati ya injini: nyuzi 7.5 kabla pistoni haijafika juu kabisa. Akachukua taa ndogo ya testa, mguu mmoja kwenye kituo namba 1 cha koili, wa pili kwenye chuma cha injini, ufunguo ukafunguliwa. Kontakti zikiwa zimegusana taa inazima. Zikiachana tu, inawaka, na hapo ndipo cheche inaporuka. Akazungusha injini taratibu. Taa ikawaka, lakini alama ya puli ilikuwa bado mbali.

Mbali kiasi gani? Hapa nikaingia mimi. Tulizungushia puli uzi, tukaupima kwa rula yangu ya shuleni: sentimita 55. Gawa kwa 360, kila nyuzi moja ni milimita moja na nusu na kitu. Kutoka kwenye alama hadi mshono zilikuwa milimita 15. Karibu nyuzi 10 za ziada juu ya zile 7.5. Mzee akacheka mpaka kofia ikamsogea. Miaka yote hiyo alikuwa anasema "vidole viwili" au "kidole kimoja", na mimi nimempa hesabu. Basi huo ndio uliokuwa wepesi wangu, ule mlio mtamu wa fundi wa kwanza: nyuzi 10 zilizokuwa zinaichoma silinda namba 3 na kuipiga stata mateke.

Kuirekebisha hakukuchukua muda. Alama ikalinganishwa na mshono, kola ya distributa ikalegezwa, akaizungusha kufuata saa mpaka taa ikazima, akairudisha kinyume cha saa pole pole, pumzi kaibana, mpaka taa ikachungulia. Akakaza hapo hapo. Akazungusha injini mizunguko miwili kamili kuhakikisha, taa ikawaka alama ikiwa imelala juu ya mshono.

Siku ya pili ilikuwa ya bushi. Mbele ya ekseli ya stata ya kobe kuna bushi ya shaba, na haikai kwenye stata, inakaa kwenye nyumba ya giaboksi. Kwa hiyo unaweza kununua stata mpya tatu na ile bushi iliyolika ikabaki inazisubiri. Yangu ilikuwa imelika ikawa yai. Mpya ilibidi ilale kwenye oili usiku kucha kabla ya kupigiliwa, na ndiyo sababu ya kurudi kesho yake. Wanasema Tanga waja leo waondoka leo. Mimi nililala na bushi. Mkono wa pili wakati wa kufunga nilikuwa mimi, nikipapasa nati ya juu nyuma ya boksi la feni bila kuiona, naye yuko chini na spana ya 17 akinitukania chuma, si mimi.

Sasa hiyo nyota ya tano. Nilipofika nyumbani na kufungua boneti ya nyuma, nikakuta mpira wa waya wa plagi namba 3 haujakaa kwenye tundu la bati. Mpira ule si urembo, unazuia hewa ya kupoza isivuje. Silinda ileile aliyonihubiria, ndiyo aliyoiachia tundu wazi! Nikampigia simu mara sita. Hapokei. Baadaye nikajua simu yake inakaa ndani ya debe la nati na haisikiki. Nilipokwenda kumwambia, akajishika kichwa, akaja mwenyewe kuuangalia, lakini mteja asiyejua angeendesha hivyo miezi. Risiti haandiki kabisa, ukitaka ya kupeleka ofisini usihangaike. Ijumaa anafunga saa tano. Na mchana akishakula, usimletee kazi ya fila geji, mpe ya spana.

Ni mwezi wa nne sasa. Nimekwenda Muheza mara saba na Pangani mara moja, kwenye joto la mwezi wa pili, na sijasukumwa. Wepesi ule wa kuruka umepungua, nakiri, kilima kimoja kimoja nakipanda na gia ya tatu. Pedali ya klachi ilibidi nibadilishe waya, kazi nyingine, fundi mwingine, 18,000. Vijana wa stendi wananiangalia nikiwasha kama watu waliodhulumiwa.

Mzee alinitaka niangalie upana wa kontakti kila kilomita 5,000, akaniazima fila geji yake nijifunzie nyumbani, nimrudishie wiki ile ile. Iko kwenye droo ya meza yangu shuleni mpaka leo. Ukimwendea kabla yangu, usimkumbushe.